Baiskeli ya triathloni kwenye msafara wa kundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila msimu, hasa pale mtu anaponunua baiskeli yake ya kwanza ya triathloni (mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia) na wikendi inayofuata anataka kutoka nayo na wenzake. Yameanza na ya msingi, yakaishia na yale yanayowapata wachache. Kama una dakika mbili tu, nenda moja kwa moja swali la 5.

## Mambo ya msingi

1. Je, baiskeli ya triathloni inaruhusiwa kwenye msafara wa kundi?

Inategemea kundi. Barabara haikuulizi una usukani wa aina gani. Anayeuliza ni kiongozi wa msafara. Makundi mengi huwa na msimamo mmoja kati ya mitatu: hazitakiwi kabisa, zinaruhusiwa mradi usiguse erobaa (vyuma vya kulalia vilivyo mbele ya usukani) ukiwa na mtu mbele yako, au zinaruhusiwa kwenye misafara ya taratibu tu, ile ya kasi hapana.

Uliza kabla ya siku yenyewe. Kufika mahali pa kuondokea na kuanza kubishana na kiongozi huku watu wamesimama wanakusubiri ni mwanzo mbaya, hata kama hoja zako ni nzuri.

2. Ukiacha sura, inatofautianaje na baiskeli ya barabarani?

Kubwa ni mahali mikono inapokaa na mahali breki zilipo. Baiskeli ya barabarani ina usukani uliopinda kwenda chini, na karibu popote utakaposhika, vidole viko jirani na breki. Gia nazo ziko hapohapo. Baiskeli ya triathloni ina sehemu mbili za kushika. Kuna pembe mbili fupi za pembeni, ambazo ndizo zenye breki. Halafu kuna erobaa, vile vyuma viwili vinavyochomoza mbele pamoja na mito ya kuegemeza viwiko. Kwenye baiskeli za gia za waya, swichi za gia huwa kwenye ncha za erobaa. Kwa hiyo ukishika breki huna gia, na ukishika gia huna breki.

Tofauti ya pili haionekani upesi. Bomba la kiti limesimama zaidi: kwenye baiskeli ya barabarani huwa nyuzi 72 hadi 74 hivi, kwenye ya triathloni ni 76 na kuendelea. Hilo linakusogeza mbele, juu ya pedali, nyonga inapata nafasi, nawe unaweza kulala juu ya erobaa kwa saa nyingi bila magoti kukugonga kifua. Lakini uzito nao umehamia gurudumu la mbele, na ukiwa umelala, unaongoza usukani kwa viwiko vilivyobanana. Kwenye mstari ulionyooka baiskeli hii ni raha tupu. Tatizo linakuja pale unapotakiwa kukwepa kitu ghafla.

3. Hatari ni baiskeli yenyewe au ni anayeiendesha?

Ni vyote viwili, ila watu hupenda kuchagua kimoja kulingana na baiskeli waliyo nayo. Ni kweli kwamba mtu asiyejua kukaa kwenye mstari, anayefunga breki ovyo na asiyeangalia nyuma, ni hatari hata ukimpa baiskeli bora ya barabarani. Na mzoefu aliyeshika pembe, ametulia, anaweza kuwa salama kuliko yeye mara nyingi.

Hoja hiyo isitumike kufunga mjadala, lakini. Mzoefu huyohuyo akilala kwenye erobaa nyuma kidogo tu ya gurudumu la mwenzake, uzoefu wake haufupishi umbali kutoka mkononi hadi kwenye breki.

4. Mbona kwenye mashindano ya triathloni mamia ya watu wanaziendesha pamoja?

Wanaziendesha barabara moja, siyo pamoja. Kwenye mbio nyingi za washindani wa kawaida, kujikinga upepo nyuma ya mwenzako ni kosa lenye adhabu. Kanuni za Ironman, mfululizo wa mbio ndefu za triathloni, kwa washindani hao zinataka mita 12 kati yako na aliye mbele, na ukiingia ndani ya eneo hilo una sekunde 25 za kumpita. Baiskeli imebuniwa kwa mazingira hayo: mtu mmoja, peke yake na upepo. Msafara wa kundi unataka mita moja au chini ya hapo, breki ndogondogo kila mara na mkono wa kuonyesha shimo. Hayo yote hayakuwa akilini mwa aliyeichora.

## Mikono, breki na erobaa

5. Naweza kulala kwenye erobaa nikiwa katikati ya kundi?

Hapana. Katika ukurasa huu hili ndilo jibu lisilo na "inategemea", kwa hiyo tulipigie hesabu.

Kundi linakwenda kilomita 36 kwa saa, mwendo wa kawaida kwenye tambarare. Hiyo ni mita 10 kila sekunde. Uko mita moja nyuma ya gurudumu la mwenzako. Yeye anaona kitu, hashiki breki kwa nguvu, anaacha tu kupiga pedali na kuinuka kidogo, mwendo wake unashuka kwa kilomita 5 kwa saa. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Mambo hayo hutokea kila dakika kadhaa ndani ya msafara. Kilomita 5 kwa saa ni karibu mita 1.4 kwa sekunde, maana yake ile mita moja yako inaisha kwa sekunde 0.7 hivi.

Katika sekunde hizo 0.7, mwenye vidole juu ya breki anaona, anagusa, anarudi mahali pake. Wewe uliyelala una kazi nyingi zaidi. Uone, na kichwa chako kiko chini kuliko cha wote. Uinue kiwiko kimoja na kuupeleka mkono kwenye pembe, kisha wa pili, kwa sababu ukiachia yote miwili kwa mpigo huna usukani. Uzito wako ulikuwa juu ya mito ya viwiko, sasa unahama, na baiskeli inayumba wakati uleule unaoitaka inyooke. Ndipo uanze kufunga breki. Hata mwepesi kiasi gani, kuhamisha mikono peke yake kunakula nusu sekunde au zaidi, na nusu sekunde kwa mwendo huo ni mita 5, yaani karibu urefu wa baiskeli tatu.

Gurudumu lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, kwa kawaida yeye anaendelea na safari. Anayeanguka ni wewe, kwa kuwa gurudumu linalokupa mwelekeo ndilo lililozuiwa. Kisha wanaanguka walio nyuma yako, ambao hawakuchagua baiskeli yako. Ukitaka kujihatarisha peke yako hiyo ni shauri yako. Ndani ya kundi haiwi yako peke yako.

6. Na nikiwa mbele kabisa, nikivuta kundi, yaani nikiwakatia wenzangu upepo?

Hapa makundi yanatofautiana, na sababu za pande zote mbili zina uzito. Wanaoruhusu wanasema: huna gurudumu mbele yako la kugusa, na kama barabara imenyooka na haina magari, unaweza kuvuta vizuri. Hilo ni sawa.

Wanaokataa wanakumbusha kwamba wa mbele ndiye macho ya kundi zima. Kila shimo, kila mtawanyiko wa kokoto, kila gari lililoegeshwa, wa nyuma wanalijua kupitia kwake. Mtu aliyelala ana kichwa chini, na jinsi anavyochoka ndivyo macho yanavyoshuka kuelekea lami iliyo mita chache mbele yake. Januari 2022, Egan Bernal, mshindi wa Tour de France ya 2019 na Giro d'Italia ya 2021, alikuwa mazoezini Kolombia na wenzake wa timu, juu ya baiskeli ya mbio za kushindana na saa, ambayo nayo ina erobaa, alipoligonga kwa nyuma basi lililokuwa limesimama. Aliumia vibaya sana. Ustadi wa kuendesha alikuwa nao kuliko yeyote anayesoma ukurasa huu.

Msimamo wangu: kwenye kundi dogo la watu wanaojuana, barabara iliyonyooka na tupu, kiongozi akikubali, sawa. Kwenye kundi la watu wengi au wageni, shika pembe. Na ukilala, kundi ulilolibeba linakwenda kwa macho yako, basi yatumie.

7. Na nikiwa wa mwisho kabisa?

Watu hupenda wazo hili kwa sababu hakuna atakayeangushwa nyuma yao. Lakini hesabu ya swali la 5 inaangalia aliye mbele yako, naye bado yupo. Mkia tena ndipo mwendo unapobadilika zaidi: wa mbele akipunguza kidogo, wa nyuma kabisa hufunga breki kwa nguvu, kisha anakimbiza kurudi. Msafara unabana na kutanuka kama kodiani.

Ukitaka kulala, achia nafasi ya kweli, mita 12 au zaidi, ambayo ndiyo utakayoihitaji kwenye mashindano pia. Wakati huo hutafaidi kinga ya upepo, na kusema ukweli hauko tena ndani ya kundi. Unaendesha peke yako nyuma ya kundi. Kwa wengi wanaojiandaa na triathloni hayo ndiyo mazoezi yanayofaa. Mwambie tu mtu mmoja kwamba umejitenga kwa hiari, wasije wakasimama kukusubiri.

8. Nikishika pembe muda wote, niko salama sawa na mwenye baiskeli ya barabarani?

Umekaribia, hujafika. Breki unazo sasa, na hilo ndilo kubwa. Yaliyobaki ni haya.

Pembe huwa chini kuliko vishikio vya breki vya baiskeli ya barabarani, kwa hiyo mgongo unainama zaidi na shingo inachoka kutazama mbali. Baada ya saa moja utajikuta unatafuta erobaa kupumzisha mikono tu, bila hata kukusudia, na hiyo ndiyo hatari hasa: watu hawavunji kanuni kwa ubishi, wanaivunja kwa uchovu. Uzito uko mbele, hivyo ukifunga breki ghafla gurudumu la nyuma linanyanyuka upesi kuliko ulivyozoea. Jizoeze kurudisha nyonga nyuma unapobana breki. Na kama gia zako ni za waya, kila ukibadilisha lazima mkono mmoja uache breki na kwenda mbele. Kwenye barabara ya vilima vidogovidogo mchezo huo ni wa kila dakika. Badilisha gia mapema, kabla kilima hakijaanza, au kaa na gia moja uzungushe pedali haraka zaidi.

9. Gia za umeme zinabadilisha lolote?

Ndiyo, sana. Mifumo mingi ya umeme kwa baiskeli hizi ina vitufe sehemu zote mbili, kwenye erobaa na kwenye pembe. Mkono hauondoki kwenye breki kutafuta gia. Mambo mengine yote ya swali la 8 yanabaki.

10. Mbona timu za kulipwa hulala wakiwa wamefuatana kwa sentimita chache?

Kwenye mbio za timu za kushindana na saa, ndiyo. Barabara imefungwa, watu ni wachache, wote wana baiskeli za aina moja, wote wamefanya mazoezi ya jambo hilo pamoja, na kila mmoja anajua mwenzake atavuta kwa sekunde ngapi na atatokea upande gani. Na bado huanguka. Watu hao hao, siku ya mbio za kuanza pamoja, huziacha baiskeli hizo kwenye gari. Angalia swali la 19.

## Ndani ya msafara

11. Nikae wapi?

Mahali ambapo ukikosea utaumiza wachache: nyuma, lakini si mkiani kabisa hadi utakapoyazoea mabadiliko ya mwendo. Jiachie nafasi kubwa kuliko wengine, baiskeli moja nzima au zaidi. Utafaidi kinga ya upepo pungufu kidogo. Bado ipo ya kutosha. Kaa nyuma kabisa ya gurudumu la mwenzako au pembeni kwa upana wa kiganja, ila gurudumu lako la mbele lisipite mwisho wa lake la nyuma. Kanuni hiyo ni ya kila baiskeli. Kwako ni ya lazima zaidi, kwani kukwepa kwa haraka ndiyo kazi baiskeli hii isiyoipenda.

Usiingie kwenye mzunguko wa kupokezana mbele kila sekunde kadhaa mpaka umeombwa.

12. Nitaonyeshaje mashimo na kona kwa mkono?

Kutoka kwenye pembe, kama kila mtu. Kutoka kwenye erobaa usijaribu: ukiinua mkono mmoja, unabaki umeegemea kiwiko kimoja tu, na usukani unavutwa upande huo. Utawakuta watu wanaonyesha shimo kwa kidole kimoja cha mbele ya erobaa. Aliye nyuma hakioni. Mgongo wako umemziba. Kwenye barabara mbovu tumia sauti: "Shimo kulia!" inafika kabla ya mkono.

13. Wananiambia navuta vibaya. Baiskeli ndiyo tatizo?

Mara nyingi ni mazoea. Anayefanya mazoezi peke yake huangalia kipimo cha nguvu na kuishikilia namba moja, iwe mlima, iwe mteremko. Kundi linahitaji tofauti: wastani wa mwendo unaowafaa wa nyuma, kulegeza kidogo kilima kinapoisha hadi wa mwisho afike juu, na kuendelea kupiga pedali kwenye mteremko, kwa kuwa wa mbele akijiachia wote walio nyuma hulazimika kushika breki.

Kuna na lile la kuipokea zamu ya mbele na kuongeza kasi hapohapo. Baiskeli yenye umbo la kukata upepo hukudanganya hapa: wewe unahisi nguvu ni zilezile, wakati walio nyuma tayari wanahema. Tazama kasi, siyo nguvu, unapopokea zamu.

14. Chupa za nyuma ya kiti zina shida gani?

Zinaruka. Vishika chupa vilivyofungwa nyuma ya kiti hupokea kila mtikisiko, na chupa iliyojaa ikipiga tuta hurushwa juu kisha hudondoka mbele ya gurudumu la anayekufuata. Kwenye mashindano aliye nyuma yuko mita 12, anaiona inabingirika. Kwenye msafara hana nafasi hiyo. Siku ya kundi ziache nyumbani, weka chupa kwenye fremu. Chupa ya katikati ya erobaa haina ubaya kama imefungwa vizuri, ila isinywewe kwa kuinamia mrija wakati kuna gurudumu mbele yako.

15. Kwenye mteremko na kona nifanyeje?

Shika pembe kabla mteremko haujaanza, rudisha nyonga nyuma ya kiti, na achia nafasi mara mbili ya ile ya tambarare. Kama rimu zako ni za kaboni na breki zinabana rimu, mvua ikinyesha zitachelewa kushika. Gusa breki mapema kidogo zikauke kabla ya kuzihitaji. Wenye breki za diski wameepuka hilo. Ukiona huwezi kuendana na kundi kwenye mteremko, waache waende. Watakungoja chini, au utawafikia kwenye tambarare, mahali ambapo baiskeli yako inawazidi.

16. Upepo wa pembeni na rimu pana?

Rimu pana hushika upepo, na iliyo mbele ndiyo inayosumbua kwa kuwa inageuza usukani. Ukiwa umeshika pembe unairudisha. Ukiwa kwenye erobaa una viwiko tu. Gari kubwa likipita hukuziba upepo kwa sekunde moja kisha hukurudishia wote kwa mpigo, na baiskeli huruka nusu mita pembeni. Ndani ya msafara nusu mita hiyo ina mwenyewe.

Juni 2019, Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne, alikuwa akikagua njia ya mbio za kushindana na saa huko Ufaransa. Kwa maelezo ya timu yake, aliachia mkono mmoja ili apenge kamasi, upepo ukalipiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta akiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Gurudumu la nyuma lililozibwa lote haligeuzi usukani kwa kiasi hicho, lakini hata hilo kwa miaka mingi halikuruhusiwa kwenye Ironman ya Kona, Hawaii, kwa sababu ya upepo wa kule. Kwa siku ya kundi yenye upepo, funga rimu za kawaida mbele. Kama huna, kaa nyumbani au jitenge kama ilivyoelezwa kwenye swali la 7.

## Vifaa

17. Nina baiskeli ya barabarani yenye erobaa za kufungwa juu ya usukani. Nami nimo?

Nusu. Breki na gia ziko mikononi mwako muda wote unaposhika usukani wa kawaida, hivyo maswali ya 8 na 9 hayakuhusu. Ukilala, hesabu ya swali la 5 ni ileile. Na vile vyuma, hata usipovigusa, vinachomoza mbele. Mkigongana ndivyo vinavyomfikia mwenzako kwanza. Hakikisha ncha zimezibwa kwa vizibo. Bomba lililo wazi hukata nyama vizuri kuliko watu wanavyodhani, na wakaguzi wa mashindano hukuzuia usipokuwa navyo.

Kuzifungua ni kazi ya dakika chache na ufunguo mmoja. Weka alama ya wino pale zilipokaa, uzirudishe vilevile.

18. Nibadilishe usukani wa baiskeli ya triathloni niweke uliopinda?

Inawezekana, na huwa majuto. Breki na gia zote zitatakiwa kubadilishwa, kwenye fremu nyingi mpya usukani na shingo yake vimeungana na havikubali kingine, na ukimaliza bado bomba la kiti limesimama na uzito uko mbele. Gharama hiyo iweke kwenye baiskeli ya barabarani iliyotumika. Fremu ya chuma ya zamani yenye breki nzima itakutumikia msafarani kuliko baiskeli yako ya mashindano.

Helmeti yenye mkia mrefu na kioo pia iache: inafunika masikio, na ukigeuka kutazama nyuma mkia unagonga bega.

## Kanuni

19. Vyama vya mchezo vinasemaje?

Kwa mbio za barabarani, UCI, chama cha baiskeli cha dunia, huruhusu erobaa kwenye zile za kushindana na saa tu. Kwenye mbio za kuanza pamoja ni marufuku, na tangu Aprili 2021 hata kuegemeza mikono juu ya usukani wa kawaida, mithili ya aliyelala kwenye erobaa, ni kosa. Huo ni msimamo kuhusu watu wanaoendesha kwa riziki.

Triathloni yenyewe inasema vilevile. Zipo mbio za triathloni zinazoruhusu kujikinga upepo nyuma ya mwenzako. Za Olimpiki zimekuwa hivyo tangu triathloni ilipoingia Sydney mwaka 2000. Kwenye hizo, wanatriathloni bora duniani hupanda baiskeli za barabarani, usukani uliopinda. Wakati wowote watu wanapoendesha gurudumu kwa gurudumu, mchezo uliozaa baiskeli hii huiweka kando.

Msafara wako wa wikendi haufungwi na kanuni hizo. Ila angalia masharti ya bima yako na ya kundi, kama ipo. Kuna zinazotaja aina ya baiskeli au erobaa.

## Hali za pekee

20. Sina baiskeli nyingine. Nikose kundi kabisa?

Hapana. Anza na kundi la watu watatu au wanne unaowajua, barabara pana, mwendo wa kuongea. Mwambie kiongozi waziwazi: "Nina baiskeli ya triathloni, nitashika pembe muda wote na nitakaa nyuma." Maneno hayo hufungua milango mingi, kwani wanachokiogopa ni mtu asiyejua kwamba kuna tatizo. Kabla ya hapo, tafuta uwanja mtupu ujizoeze kufunga breki kwa nguvu kutoka kwenye pembe, kutazama nyuma bila kuyumba, na kupita katikati ya chupa mbili zilizosimamishwa. Zoezi la kuhamisha mikono kutoka erobaa hadi pembe lirudie mpaka baiskeli isitikisike.

21. Kundi letu lote ni la triathloni, kila mtu ana baiskeli hizi. Kanuni zinalegea?

Zinakaza. Kukiwa na baiskeli moja, mwenyewe anajichunga. Zikiwa kumi, akilala wa kwanza wote hulala, na hapo kila mmoja yuko umbali wa mita moja bila breki. Panga mazoezi kwa namna nyingine: mwende pamoja mmeshika pembe hadi barabara nzuri, kisha kila mtu aondoke kwa kuachana dakika moja, mkutane mbele. Mnapata mazungumzo, mnapata mazoezi ya kweli ya kulala, na hakuna anayemtegea mwenzake upepo ambao siku ya mashindano hatakuwa nao.

22. Kuna mtu kwenye msafara analala kwenye erobaa. Nimwambieje?

Kwa faragha, mkiwa mmesimama, na kwa jambo mahususi: "Ulikuwa umelala nyuma yangu pale kabla ya daraja, nikasita kufunga breki." Kumpigia kelele njiani kunamfanya ageuke kukutazama, na hicho ndicho usichokitaka. Akiendelea, usikae mbele yake wala nyuma yake, hama nafasi. La kumwondoa ni la kiongozi, na kiongozi asilisubirishe mpaka mtu aanguke.

23. Na kwenye mazoezi ya ndani, mtandaoni?

Hakuna wa kumwangusha, lala upendavyo. Ukiwa Zwift, programu ya kuendesha baiskeli ndani ya nyumba, jua tu kwamba baiskeli za kushindana na saa hazipewi kinga ya upepo ndani ya kundi kwenye misafara na mbio za kawaida. Ukiichagua utabaki unahangaika mkiani na kushangaa kwa nini. Badilisha baiskeli kwenye gereji ya programu kabla ya kuanza.